Minazi Mia Mbili na Arobaini

Noa alikuwa na kipande cha plaiwudi na penseli ya useremala, na kabla hatujakaa vizuri alikwisha kukichora safu tatu: yake, yangu na ya Yasini.

"Tuanze la kwanza," akasema. "Kila mtu ataje jibu lake. Asiyelikumbuka aseme halikumbuki, asidandie la mwenzake."

"Mtihani umekwisha, kaka Noa," Yasini akamwambia.

"Umekwisha kwa msimamizi. Kwangu bado."

Ilikuwa saa tano na robo asubuhi, mwezi wa Novemba, na tulikuwa tumetoka kwenye Hisabati ya kidato cha nne. Tulikaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kituo cha mtihani, tukiwa na sahani moja ya mihogo ya kukaanga katikati yetu. Sisi watatu tulikuwa watahiniwa wa kujitegemea. Tulisoma pamoja miaka miwili kwa Mwalimu Laurenti, pale Makorora, Jumatatu mpaka Alhamisi baada ya magharibi. Noa ni seremala, mtu wa makamo, Mlutheri. Wazazi wake waliteremka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge na hawakurudi tena. Yasini ana miaka ishirini na sita na anatengeneza baiskeli. Mimi naitwa Zuleha. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nafua shuka za zahanati, na Hisabati nilikuwa nimeifeli mara mbili.

Mwalimu alikuwa ametukataza kulinganisha majibu. Alisema mtu akishatoka kwenye chumba cha mtihani aende kwake akale, maana kulinganisha ni kujitia homa bure. Mara mbili zilizopita nilimtii. Safari hii sikuweza, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa likinisubiri saa tisa.

Zahanati yetu ilikuwa imepata nafasi moja ya kozi ya uhudumu wa afya, mwaka mzima, kule Korogwe, gharama zote zimelipwa. Sharti lilikuwa kufaulu Hisabati. Mwenye cheti angeandikwa, na anayengoja matokeo naye angeweza kuandikwa, lakini huyo wa kungoja akifeli nafasi inakufa, hapewi mwingine. Tulikuwa wawili tunaoitaka: mimi, na Samiha wa mapokezi, binti wa miaka ishirini na miwili ambaye cheti chake alikuwa nacho tayari. Sista Imakulata, muuguzi mkuu wetu, alipenda niende mimi kwa kuwa nimekaa pale miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Orodha inaondoka saa tisa. Ukitoka huko pitia hapa uniambie kweli. Niandike Zuleha au niandike Samiha."

Kufaulu ni alama thelathini katika mia. Nilihitaji kujua kama ninazo, na nilihitaji kujua siku ile ile.

Karatasi za maswali zilikuwa zimebaki ndani. Msimamizi alisema watu wazifuate saa nane, akishamaliza kufunga bahasha zake. Kwa hiyo tulichokuwa nacho mkononi ni kumbukumbu, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa, maana niligundua kwamba watu watatu wanaweza kukaa chumba kimoja, saa tatu nzima, na kila mmoja akatoka na mtihani wake.

"Ngazi iliyoegemea ukuta," Noa akasema. "Mimi nane."

"Nane," nikasema.

"Kumi na mbili," Yasini akasema.

Noa akamtazama. "Ngazi yako ilikuwa na urefu gani?"

"Mita kumi na tatu."

"Ilikuwa kumi. Mita kumi, na chini imeachana na ukuta mita sita."

Yasini akatafuna muhogo wake taratibu. "Kumi na tatu ilikuwa ya wiki iliyopita," akasema. "Ile ya Mwalimu ubaoni."

"Basi umepanda ngazi ya Mwalimu."

"Nimepanda, na nimefika juu zaidi yenu."

Noa akaandika 12 kwenye safu ya Yasini na kuikata kwa mstari mwembamba, bila kucheka. Yeye ni mtu wa namna hiyo. Tukaendelea hivyo, swali baada ya swali. Palipokuwa na majibu matatu yanayofanana, Noa aliweka alama ya vema. Palipotofautiana tulilikokotoa upya pale pale kwenye plaiwudi mpaka tukaona nani amekosea wapi. Mimi nilikuwa nahesabu alama zangu kwa pingili za vidole, kama ninavyohesabu tasbihi, na nilijitahidi nisijipendelee. Sehemu ya kwanza nilipata maswali matatu kamili, ya alama sita sita, na nusu ya mengine mawili. Hapo ni ishirini na nne. Sehemu ya pili, ile ya maswali ya alama kumi, swali la seti nilifika mwanzo tu nikakwama, nikajipa mbili. Ishirini na sita.

Likabaki la minazi. Hilo sikuwa na wasiwasi nalo. Katika mtihani mzima ndilo swali pekee nililolijibu nikiwa natabasamu. Kumi zake nikizijumlisha ni thelathini na sita, na kwa thelathini na sita ningemwendea Sista nikiwa nimeinua kichwa.

"La minazi," Noa akasema. "Kila mtoto wa kike amepata mingapi? Mimi arobaini na miwili."

"Thelathini," nikasema.

"Thelathini," Yasini akasema. "Weka vema twende mbele."

Noa hakuweka. "Wawili mmepata thelathini?"

"Wawili kwa mmoja. Kanisani si mnapiga kura? Basi umeshindwa."

"Hisabati haipigiwi kura, mdogo wangu. Bi Zuleha, hebu nionyeshe."

Nilichukua penseli. Nilikuwa na hakika, na nafikiri sauti yangu ilikuwa ya mtu anayefundisha. Minazi mia mbili na arobaini. Mke anapata moja ya nane, yaani thelathini. Inabaki mia mbili na kumi. Watoto wa kiume wawili, wa kike watatu. Mafungu saba. Mia mbili na kumi gawanya kwa saba ni thelathini, na hakuna hata mnazi mmoja unaobaki.

"Imetoka safi," nikamwambia. "Hesabu ikikosewa haitoki safi hivyo."

"Na yangu imetoka safi," Noa akasema. "Mia mbili na kumi kwa watano, arobaini na miwili. Haya mafungu saba umeyatoa wapi? Watoto ni watano."

"Wa kiume mawili mawili, hayo manne. Wa kike moja moja, matatu."

"Nani kasema wa kiume achukue mawili?"

Yasini alimtazama kama mtu aliyeulizwa nani kasema Ijumaa inafuata Alhamisi. "Mirathi ndivyo ilivyo, kaka Noa."

"Kwenu?"

"Kwetu."

Noa hakuonyesha kuudhika. Aliiweka penseli sikioni akasogea karibu, na nikaona kwamba jambo hili limempendeza kuliko swali lenyewe. "Na mke?"

"Thumuni," nikamwambia. "Mume akiacha watoto, fungu la mke ni thumuni. Asipoacha watoto ni robo."

"Thumuni ndiyo moja ya nane."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kumbe. Kwa hiyo mlipoona mke na moja ya nane..."

"Tukajua tuko wapi," Yasini akamalizia. "Aliyetunga swali anaijua dini."

"Au anajua kugawa kwa nane," Noa akasema. Kisha akachukua kipande cha muhogo. "Unajua, mimi baba alipofariki, baba zangu wadogo walikaa siku tatu kule mlimani wakagawa shamba. Dada zangu wanne hawakupata hata mgomba mmoja. Ningefuata ya kwetu kwenye mtihani, ningeandika sifuri."

"Kwa nini hukuandika?" nikamuuliza. Nilitaka kujua kweli.

"Sikukumbuka ya kwetu. Niliona mtu ana minazi na watoto watano."

Yasini hakuwa tayari kushindwa. Akasema mzee wa kwenye swali alikuwa na jina, na jina lenyewe ni Hatibu, analikumbuka kabisa kwa sababu mjomba wake pia anaitwa Hatibu. "Sasa niambie. Mkristo gani anaitwa Hatibu?"

"Mimi nakumbuka 'mkulima wa Pangani' tu," Noa akasema.

"Basi Pangani. Huko minazi mia mbili na arobaini ni ya nani kama si ya Mwislamu?"

"Mtu wa kwenye mtihani ana dini?"

"Jina analo. Mke anaye. Dini ikose?"

"Wiki iliyopita Mwalimu alitupa mtu mwenye ndoo sita za maji anazimwaga kwenye tangi bovu linalovuja. Hukuniuliza anasali wapi."

Tukacheka wote. Lakini mimi nilianza kusikia kitu kikinikwaruza ndani. Nilifumba macho nikajaribu kuiona karatasi ilivyokuwa. Niliona "mke". Niliona moja juu ya nane. Baada ya hapo sikuona maneno tena. Niliona shamba la babu yangu kule Mwera, mikeka imetandikwa uani, wanaume wamekaa upande mmoja, na shehe aliyekuja na daftari akiuliza nani yuko hai na nani hayuko. Msiba mzima niliuona mpaka birika la kahawa. Neno lililoandikwa mbele yangu sikuliona.

"Naomba niulize," Noa akasema. "Huyo mzee alikufa lini?"

"Mzee gani?" Yasini akauliza.

"Hatibu wako. Mimi kifo sikumbuki kukisoma. Nakumbuka amezeeka, hawezi tena kulihudumia shamba, anawapa. Sasa mtu aliye hai ana mirathi? Nauliza, sijui."

Yasini akanigeukia mimi. Kwa Bi Mwanasiti, kila Jumanne alasiri, kina mama husomeshwa darsa la mambo haya, na Yasini anajua kwamba mimi sikosi. Nilikuwa na jibu. Nilitamani nisiwe nalo.

"Hana," nikasema. "Mirathi ni ya maiti. Aliye hai akiwapa wanawe mali, hiyo ni zawadi. Na zawadi, tulisomeshwa, baba awape sawasawa. Wa kiume na wa kike sawa."

"Da Zuleha," Yasini akasema, "mbona unatoa ushahidi upande wa pili?"

"Ndivyo tulivyosoma."

"Kwa hiyo kama yuko hai, hata kwa dini yetu wenyewe..."

"Arobaini na miwili."

Alishika kichwa. "Tumemwua mzee wa watu."

"Mmemwua, mmemzika na mmegawa mali yake," Noa akasema, "na saa sita mchana haijafika."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko kilipokwisha nikatazama pingili zangu. Thelathini na sita, au ishirini na sita. Yote yalitegemea kama mzee mmoja wa karatasini alikuwa amekufa.

"Huenda alikufa," Yasini akaniambia, kwa upole sasa. Alijua habari ya saa tisa. "Noa naye si mtume. Ngazi aliikumbuka, hili anaweza kukosea."

"Naweza," Noa akasema. "Tungoje karatasi."

Yasini mwenyewe alikuwa amejiandalia kurudia mwakani hata kabla hajaingia. Yeye hakuwa na saa tisa. Hata hivyo alikaa.

Adhana ya adhuhuri ikaita tukiwa bado tunabishana kama lilikuwemo neno "sawasawa". Mimi na Yasini tukasimama. "Usifute majibu yetu," Yasini akamwambia Noa.

"Nitarekebisha yangu tu."

Msikiti ulikuwa mtaa wa pili, na una chumba kidogo cha wanawake nyuma, pazia la kijani na ndoo ya maji mlangoni. Nilisali. Nilipotoa salamu nikainua mikono kuomba, na hapo nikakwama kama nilivyokwama kwenye swali la seti. Niombe nini? Karatasi ilichapwa zamani. Kama neno limo, limo. Kama halimo, halimo. Najua Mwenyezi Mungu anaweza kila kitu, hilo silihoji, lakini nilijiuliza kama inafaa kumwomba abadilishe wino uliokwisha kukauka, tena katika nchi nzima, kwenye meza za watahiniwa wote, kwa ajili yangu. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitia haya zaidi. Ombi langu, nikilisema wazi, lilikuwa hili: Ewe Mola, naomba yule mzee awe amekufa.

Ni mzee wa karatasini, sawa. Hana kaburi wala hana pumzi. Lakini mikono niliyoiinua ilikuwa yangu, na sikuweza kuliweka ombi hilo ndani yake. Mwisho nikaomba nisimdanganye Sista. Nikaona ombi hili angalau nusu yake naweza kuibeba mwenyewe.

Tuliporudi tulimkuta Mwalimu Laurenti amekaa na Noa kibarazani, kofia yake imewekwa magotini. Alikuja kufuata karatasi kwa ajili ya darasa la mwaka unaofuata. Plaiwudi alikwisha kuiona.

"Shikamoo Mwalimu," tukamsalimu.

"Marahaba. Nilisema nini juu ya kulinganisha?"

"Kwamba ni homa," nikasema.

"Na sasa?"

"Tunayo."

Alinyanyuka saa nane kamili, akavuka barabara, akarudi na karatasi moja. Hakumpa mtu. Alivaa miwani akalitafuta swali, akalisoma kimya, kisha akatusomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Mkulima mmoja mzee wa Pangani ana minazi mia mbili na arobaini. Anampa mke wake moja ya nane ya minazi hiyo. Inayobaki anawagawia sawa watoto wake wote, wa kiume wawili na wa kike watatu. Sehemu ya kwanza: mke amepata mingapi? Sehemu ya pili: kila mtoto wa kike amepata mingapi? Sehemu ya tatu: watoto wa kike kwa jumla wana asilimia ngapi ya minazi yote?

Hapakuwa na kifo. Hapakuwa na Hatibu pia. Neno "sawa" lilikuwepo, peupe kabisa.

"Hatibu nimemtoa wapi mimi?" Yasini akauliza.

Nilimwomba Mwalimu anionyeshe karatasi nilisome swali mwenyewe. Nilisoma mara mbili. Si kwamba Kiingereza kilinishinda. Kila neno nililijua. Nililiacha swali pale tu nilipoona thumuni, nikaendelea na lile nililokuwa nalo kichwani. Jambo hili lilinishangaza kuliko lilivyoniuma. Macho yangu yalipita juu ya neno "sawa" na hayakuniambia kitu.

"Mwalimu," nikasema, "nihesabie. Bila huruma."

Nilimwandikia kwenye plaiwudi nilivyofanya, hatua kwa hatua. Alisahihisha kwa kidole. Mke thelathini: "Hii ni sahihi. Alama mbili, kwa nijuavyo." Mia mbili na arobaini kutoa thelathini: "Sahihi. Moja." Mafungu saba: kidole kiliruka. Asilimia ya watoto wa kike: "Hapa umechukua tisini juu ya mia mbili na arobaini, mara mia. Njia ni yenyewe. Namba ndiyo siyo."

"Njia ina alama?"

"Wapo wasahihishaji wanaoipa. Wapo wasioipa. Hutegemea mwongozo wao wa mwaka huu, na mimi sijauona."

"Kwa hiyo?"

"Ulikuwa na ngapi kabla ya hapa?"

"Ishirini na sita."

"Ishirini na tisa, Zuleha. Na ya thelathini siwezi kuisemea." Akavua miwani. "Na hizo ishirini na sita mmezihesabu nyinyi kwenye ubao wa kitanda."

"Wa kabati," Noa akasema.

Waliniaga kwa maneno mazuri ambayo sikuyasikia vizuri. Nilitembea mpaka zahanati. Njiani nilijaribu maneno mbalimbali. Ningeweza kusema, "Nadhani nimefaulu," na lisingekuwa uongo, maana nilidhani kidogo. Ningeweza kusema, "Mungu akipenda." Hilo lingekuwa kweli tupu, na Sista angeliandika jina langu. Nililigeuza geuza kinywani. Nilishangaa kuona kwamba maneno matakatifu nayo yanaweza kutumika kujificha.

Samiha alikuwa kwenye dirisha la mapokezi. "Shikamoo dada. Umeonaje?" akaniuliza, na mara akainamisha macho kwenye daftari lake, kana kwamba swali limemponyoka. Nilimwitikia marahaba nikapita.

Sista Imakulata alikuwa na orodha mezani, kalamu imefunguliwa. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Haya. Nani?"

Nilianza kumweleza habari za minazi. Alinikatiza kwa mkono. "Zuleha, gari liko nje. Nimekuuliza nani."

"Ishirini na tisa nina hakika nazo," nikamwambia. "Ya thelathini iko kwa mtu nisiyemjua. Anaweza kunipa, anaweza kuninyima, na hatakuwa amekosea kwa lolote."

Aliiweka kalamu chini. "Moja?"

"Moja."

"Ungekuwa umekaa hapa mimi nimekaa hapo, ungeandika nani?"

Nilidhani swali hilo litanipiga. Halikunipiga. Lilikuwa kama lile la ngazi: ukiona urefu wote, jibu ni moja tu. Nafasi ni moja, ikipotea imepotea kwa wote, na mwenye cheti yuko dirishani.

"Samiha," nikasema.

"Mwakani sikuahidi kitu. Wanaweza kutupa nafasi, wanaweza wasitupe."

"Najua, Sista."

Aliandika. Nilitazama kalamu mpaka ilipomaliza herufi ya mwisho. Kisha nikatoka uani, nikaanua shuka zilizokauka, nikazikunja nne nne kama siku zote. Ya tano niliikunja, nikaikunjua, nikaifunika usoni, nikakaa nayo hivyo mpaka niliposikia gari limeondoka.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Yasini ndiye aliyeyafungua kwenye simu, kwanza ya Noa, ambaye alipata C, kisha yake, kisha yangu. Hisabati: D. Nilimwambia asome tena namba ya mtahiniwa. Akasoma. Ilikuwa yangu. Nilisujudu pale pale, kwenye karakana ya baiskeli, kati ya magurudumu.

Nilimuuliza Mwalimu ni alama ipi iliyonivusha. Je, ni ile ya njia? Au tulikosea kuhesabu kwenye plaiwudi, na nilikuwa nimeshavuka tangu mwanzo? Alisema hilo halitajulikana. Matokeo yanatoa herufi, namba hawaitoi. Sista Imakulata alipoisikia habari aliandika barua ya kuomba nafasi ya pili. Mpaka leo haijajibiwa. Naendelea kufua shuka, na kila Alhamisi jioni namsaidia Mwalimu na wale wanaoanza.

Samiha alinipigia simu kutoka Korogwe wiki ya tatu ya kozi yake. Alikuwa amesikia kwamba nimefaulu.

"Dada, hukunikasirikia?"

"Nilikukasirikia siku moja. Nimemaliza."

Akacheka kidogo. "Dada, kuna hesabu hapa ya dawa imenishinda. Kesho tunaulizwa. Kuna mtoto wa kilo kumi na mbili, sasa mimi nimegawa kwa..."

"Subiri," nikamwambia. Nilivuta kiti, nikatafuta penseli. "Usiniambie ulivyogawa. Nisomee swali lote tangu mwanzo. Polepole, na usiruke neno."

Akaanza kusoma.